Chumba cha Jumatano

Nakivale, 9 Juni 2013

Dada yangu Madeleine,

Huku tuko wazima, na maharagwe yamekubali.

Kuna jambo sikukuandikia. Tangu tulipokimbilia kambi hii ya Kabazana, mwaka mzima, binti yangu Nabintu hakutamka neno. Mwalimu alidhani ni bubu. Sasa shule yake inashirikiana na hospitali moja ya Mbarara, na kila Jumatano muuguzi Mackline anakuja kukaa na watoto chumbani. Nilijiuliza: hakuna sindano, hakuna vidonge, wanatibiwa nini? Nikaenda kuchungulia dirishani. Kumbe wanachora tu! Mackline akaniona.

"Mama, ingia. Na wewe kaa."

Nabintu alikuwa amechora nyumba yetu ya Fizi kule Kongo, baba yake amesimama mlangoni. Nikasema kama ninavyosema siku zote, "Baba yake atatufuata."

Mtoto akainua kichwa. "Hapana, mama. Balimuua. Niliona."

Dada, mwaka mzima nimemficha jambo alilolijua kabla yangu. Tulilia pale pale. Njiani kurudi aliniuliza mengi kuhusu baba yake, nami nikamjibu yote.

Nawakumbuka nyote,
mdogo wako Yvette