Chumvi Iliyotunza Umeme

Dada Rehema, shikamoo. Vumbi la Segese limenijaa hadi kwenye nyusi, lakini mawazo yangu yako kwako tangu tumzike shemeji. Jana kwenye simu ulisema umewachoka majirani: wanakuja, wanakaa tu mkekani, na hakuna kinachobadilika.

Leo asubuhi hapa karakana tumeyeyusha chumvi kwenye tanuru. Nikatumbukiza humo fimbo mbili za chuma, nikawasha umeme kidogo, usiotosha hata kung'oa chembe ya madini kwenye hiyo chumvi. Mshale wa mita ya umeme ukaruka, kisha ukalala. Masanja, fundi wa tanuru, akaacha kutafuna viazi vyake vikavu.

"Dada, umeme wako umeliwa bure!"

"Haujaliwa, kaka. Chumvi imesogea, imezizunguka fimbo tabaka kwa tabaka."

"Ili ifanye nini?"

"Hakuna. Imekaa tu."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeishiwa. Basi nikachomoa umeme, nikaziunganisha fimbo kwa waya. Mshale ukaruka tena, safari hii kuelekea upande wa pili, na hakuna aliyewasha kitu. Masanja akapiga makofi: "Kumbe ilikuwa inakutunzia!"

Nikakukumbuka palepale, dada yangu, wewe na majirani zako, hadi fundi akadhani moshi umeniingia machoni.

Ule vizuri, ulale. Nakukumbatia kwa mikono hii yenye joto la tanuru. Na ule mkeka, tafadhali, usiukunje bado.

Mdogo wako,
Zawadi