Viti Vipya vya Boti ya Baba

Kaltumi, uko? Siamini nilichokiona leo pale Gaba, kando ya ziwa.

Unaijua boti kuukuu ya baba, ile inayoelea juu ya mapipa mawili marefu. Viti vipya viko tayari, vya bluu, rangi aliyoichagua mama mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani. Leo ilikuwa zamu ya sakafu.

Baba akang'oa ubao wa kwanza. Chini yake vyuma vimeliwa na kutu, vinamegeka mkononi kama mkate! Akang'oa wa pili, wa tatu. Vilevile. Hata mapipa yametoboka.

Fundi Tarcisio akamwambia, "Afande, hapa hakuna pa kufunga skrubu. Hii boti imekufa."

Baba akakaa kwenye kiti kipya palepale mchangani.

Daktari alishatuambia siku za mama zimebaki chache. Kupelekwa ziwani ndilo jambo pekee aliloomba.

Tulipofika nyumbani Mbuya, mama akauliza, "Baba Aol, viti vimekaa vizuri?"

"Vimekaa."

"Basi Jumamosi twende."

"Twende," baba akajibu. Mimi nilikuwa mlangoni, naomba tu mama asinitazame usoni.