Siku ya Nikola Haina Mwaliko

Dryanovo, 12 Desemba

Kaka yangu Nikola,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua tangu ujana umekuachia sasa. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hulalamika kila theluji ikikaribia. Paka wa marehemu mama alikufa kwa uzee mwaka juzi. Miti ya plamu nyuma ya nyumba bado inazaa, tena mwaka huu imezaa hadi matawi yakataka kukatika. Najua mwandiko umekushtua. Usikimbilie kutafuta jina mwishoni. Ni mimi, Naska, dada yako mdogo, ambaye hajakuandikia hata mstari mmoja kwa miaka kumi na mmoja, tangu nilipomzika mama peke yangu wewe ukiwa melini.

Sitaanza na hayo. Nikianza na hayo nitaichana karatasi, kama nilivyochana nyingine tatu wiki hii. Nianze na habari njema: nimeuona mji wako.

Unamkumbuka Gergina, yule wa posta, aliyekuwa akifungua barua za watu kwa mvuke wa birika na kuzifunga tena? Sasa amestaafu, ni mjane kama mimi, na mdomo haujapungua hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuja na wazo. Alisema Varna wakati wa baridi ni bure kabisa: vyumba havina watu, wastaafu tunapunguziwa nauli ya treni, na ufukweni kuna maji moto yanayotoka ardhini ambayo hayauzwi na mtu yeyote. “Mwenzangu,” akaniambia, “tutakufa hatujaiona bahari, halafu huko mbinguni tukiulizwa tutasema nini? Kwamba tulikuwa tunapika jemu?” Nikajifanya kusitasita. Moyoni nilishakubali kabla hajamaliza, na sababu utaiona mbele.

Basi tukapanda treni na mayai yetu ya kuchemsha, mkate, jibini, na mitungi minne ya jemu ya plamu, maana mkono mtupu haulambwi. Gergina alikula mayai yote kabla ya kubadilisha treni. Nilipomuuliza kesho tutakula nini, akasema kesho ni siku ya Mtakatifu Nikola, na katika mji wa mabaharia kila mlango wa tatu una Nikola au Nikolina ndani yake. Tangu lini mtu akaalikwa kwenye siku ya jina? Anayekumbuka anakwenda, mwenye jina la mtakatifu anapokea, basi. “Sisi tumewakumbuka wote,” akasema. Nilicheka mpaka kondakta akaja kutazama kuna nini.

Kaka, nilikuwa nikikucheka ulipousifu mji huo. Nilisema umeacha milima ukafuata vyura. Leo natubu. Nilipotoka stesheni na kuiona bahari mwisho wa barabara, imesimama juu kama ukuta wa kijivu, nilikaa juu ya begi langu. Gergina akadhani ni goti. Haki ya Mungu, sikujua kuwa kitu kikubwa namna ile kinaweza kuwa karibu na watu namna ile, watu wakapita wakila mbegu za alizeti wala hawakitazami. Kuna bata maji weupe kando ya ufuko, wanaomba mkate kama kuku wa kwetu. Na ile bustani inayofuata bahari! Nimetembea ndani yake asubuhi nzima na sikuona mwisho wake. Sasa ninaelewa kwa nini hukurudi. Zamani nilidhani ni kiburi.

Halafu yale maji moto. Loo! Theluji nyembamba iko mchangani, na wazee wa mji wako wamekaa ndani ya maji hadi shingoni, mvuke unapanda, wawili wanacheza chesi kwenye ubao unaoelea. Bibi mmoja alikuwa amevaa kofia ya manyoya na hereni, na kingine cha maana hakuna. Gergina hakusubiri kukaribishwa. Alivua mpaka shimizi akaingia akipiga kelele, na mzee mmoja wa chesi akamwambia, “Taratibu, mama, bahari itahama.” Naye akajibu kuwa ikihama mzee aifuate, hapo alipo hana faida. Walicheka wote. Nami nikaingia, kaka. Mimi, ambaye hata mtoni kwetu sikupata kuvua soksi mbele za watu. Goti liliacha kuuma siku ile.

Ilipofika saa sita mchana, nywele zikiwa bado mbichi chini ya vitambaa, Gergina akaanza kusoma majina kwenye milango. Nikamwambia tusihangaike, twende mtaa fulani, kuna maghorofa mengi, hatutakosa. Nilikuwa na kadi yako mfukoni, ile yenye picha ya meli, uliyoniandikia mwaka ule. Uliandika kwamba ulifika Dryanovo siku ya tisa baada ya maziko, ukagonga sana, ukakuta hakuna mtu, ukaning'iniza langoni shali uliyomnunulia mama. Chini ukaweka anwani yako. Sikujibu. Anwani lakini niliikariri kama sala.

Basi hiyo ndiyo sababu yangu, na usimwambie Gergina kuwa nimekiri. Nilitaka kukuona. Kuja siku nyingine kungekuwa kuja kuomba radhi, na uso wa kuomba radhi sikuwa nao. Siku ya jina lako ningeingia kama mgeni yeyote, niseme uishi miaka mingi, nile samaki, na mengine yajipange yenyewe.

Mlangoni mwa jengo lenu nikaona jina lako: N. Minchev, ghorofa ya nne. Kidole kikaenda, kikaogopa, kikabonyeza kengele ya chini yake.

Tulifunguliwa bila kuulizwa sisi ni nani. Ghorofa ya tatu tukapokelewa na mama mnene mwenye aproni, Nikolina, jirani yako, akatubusu sote wawili na kuulaumu mji mzima kwa kutuchelewesha. Wageni walikuwa kumi na wanane, nilihesabu. Nikolina alidhani sisi ni shangazi za mumewe Zhivko kutoka milimani, na Zhivko alidhani tumetoka upande wa mkewe, na kila mmoja alikuwa akituheshimu sana ili asimuudhi mwenzake. Gergina akaharibu zaidi: akamuuliza Zhivko habari za mama yake, akampa pole ya mjomba, akasema jamani umekonda. Zhivko akatokwa na machozi. Tulijaziwa sahani mara tatu. Samaki wao alikuwa na wali na njugu za jozi tumboni, ngozi imekauka vizuri, na mkate wenye msalaba juu. Nikasema moyoni, watu wa namna hii ndio majirani wa kaka yangu, basi Mungu hakumtupa.

Tulipokuwa tukinywa rakia, ile pombe kali ya matunda, Nikolina akachukua sahani ya pai ya jibini, akaniomba, kwa kuwa nimekaa karibu na mlango, nimpelekee Nikola wa juu. Nikasema pengine hayupo. Akasema kweli hayupo, saa hizi huwa bandarini na wenzake kwenye sala ya kubariki maji, lakini mlango uko wazi, niweke tu mezani. Mmoja wa wageni akauliza ni mtu gani huyo anayeacha mlango wazi mjini. Nikolina akaeleza kwamba kila mwaka siku hii hupika, huandaa viti sita, huacha mlango bila kufunga, na meza haondoi mpaka jioni. Hakuna anayekuja ila wao na sahani yao. Siku moja Zhivko alimwonya kuhusu wezi, naye akamjibu: “Nina dada. Ana hasira fupi na shingo ngumu. Akikuta mlango umefungwa hatagonga, atarudi zake Dryanovo.”

Zhivko akacheka. Mimi nikachukua begi langu na sahani nikatoka.

Kaka, yule aliyekula kwenye meza yako tarehe sita sio mwizi wala sio mke wa Zhivko. Ni mimi. Nilikalia kiti kilicho chini ya picha ya mama. Nikala kipande cha karibu na mkia, kama nilivyokuwa nikikipata utotoni, maana wewe ulikuwa ukidai cha kichwani kwa ajili ya jina lako. Chumvi imezidi, nikwambie ukweli. Umepika kama baharia. Lakini nyumba yako ni safi kuliko yangu, na maua yako dirishani, na viatu vyako vimepangwa kwa mstari kama mama alivyotufunza. Niliona fahari juu yako, nikaona na aibu juu yangu. Nikatoa mtungi wa jemu begini, nikauweka katikati ya meza.

Nikasikia lifti. Nilipaswa kukaa. Badala yake nikatoka mbio, na kwa haraka nikapanda ngazi badala ya kushuka, nikasimama pale zinapokata kona, nikiziba mdomo. Nilikuona ukiingia. Umezeeka, kaka, na masikio yako yamekuwa ya baba. Punde kijiko kikagonga mtungi. Kisha ukatoka hadi kwenye ngazi, kijiko bado mkononi, ukainama ukachungulia chini, ukaita: “Naska?”

Ungeinua macho tu ungeniona. Hukuinua. Ukaita tena, polepole, ukangoja, ukarudi ndani. Mlango ukauacha wazi.

Nilishuka kwa vidole vya miguu, nikamtoa Gergina kwenye ngoma akiwa katikati ya wimbo. Kwenye treni ya kurudi akanigeukia, akasema, “Wewe unadhani nilisafiri kutwa nzima kufuata maji ya kuoga? Kadi ya kaka yako niliisoma kabla yako. Nilikupeleka mlangoni kwake, nikakuimbia kule chini upate muda, na wewe umekimbia kama kuku. Sasa utaandika, na safari hii mimi sitaifungua.” Nimelia mpaka stesheni ya Gorna Oryahovitsa. Akanipa kitambaa chake, kilikuwa kinanuka samaki.

Utauliza kwa nini nilikimbia, wakati mlango ulikuwa wazi na wewe unaniita. Nilijua ungeniuliza habari za ile siku ya tisa. Naomba uketi kabla ya kusoma mstari unaofuata.

Nilikuwa ndani. Ulipogonga siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la jikoni, hatua nne kutoka ulipokuwa. Nilisikia ukiniita jina mara nyingi, mvua ikikunyeshea, na nilikuona ukiifunga shali langoni kwa fundo la mabaharia. Nilikuwa na hasira kwamba mama alikuita siku tatu na aliyekuwapo ni mimi. Ulipoondoka nikatoka nikaichukua shali. Halafu watu walipouliza, nikawaambia hukuja. Mji mzima hapa, isipokuwa Gergina aliyeisoma kadi yako, uliamini miaka yote hii kwamba Nikola Minchev hakuja hata kuwasha mshumaa kwa mama yake, na aliyewaaminisha ni mimi. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilisimama mlangoni mwa kanisa nikawaambia ukweli. Padri alisikia, mwokaji alisikia, na Gergina atahakikisha waliobaki wamesikia.

Umeniita mara mbili, kaka, na mara mbili nimenyamaza. Barua hii ndiyo kuitika kwangu. Nisamehe ukiweza.

Wasalimie Nikolina na Zhivko, na uwaambie shangazi zao wa milimani walishiba. Gergina anamsalimu yule mzee wa chesi, anasema atamjua. Funika mgongo wako, na punguza chumvi.

Tarehe kumi na nane Januari ni siku ya Mtakatifu Atanasi, ambaye Naska ni kifupi cha jina lake, yaani siku ya jina langu, ambayo wakubwa husema ndipo baridi inapoanza kufunga virago. Nitachinja kuku na nitaoka mkate. Sikualiki, siku ya jina haina mwaliko. Nakujulisha tu kwamba jana nimemwita fundi akang'oa komeo la lango na la mlango wa mbele. Usigonge. Pita moja kwa moja hadi jikoni, nitakuwa nimevaa shali.

Ni mimi dada yako,
Naska