Waranti ya Mashine ya Baba

Kiseke,
S.L.P. 2209,
Mwanza.
9 Septemba 2025

Mpendwa kaka Malimi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba baridi ya Mbeya imeanza kuwaonea huruma. Mwanao Favour aliniambia kwenye simu kuwa kifua kilimbana mwezi wa saba. Je, amepona kabisa, au bado anakohoa asubuhi?

Sisi huku ni wazima. Watoto wanaendelea na shule, na mimi cherehani inanipa kazi ya sare mpaka mgongo unalalamika. Mama ni mzima wa mwili. Baba naye ni mzima, ukiondoa lile unalolijua.

Barua hii nampa Rebeka, binti wa shangazi, anayekuja huko kesho kwa basi. Usishangae kuona nimeandika karatasi badala ya kupiga simu. Uliniambia duka la mjini limekutumia taarifa kwamba waranti ya nyongeza ya mashine ya kusikia ya Baba inakwisha mwisho wa mwezi huu, na ukitaka miaka miwili mingine ulipie kabla. Ukaniomba neno moja tu, ulipe au usilipe. Nimejaribu mara nne kuliandika hilo neno moja nikashindwa. Na nikipiga, najua nitaanza kulia, na salio litaisha kabla sijafika popote.

Kwanza niwe mkweli kwako. Waranti ile haikuwa ujinga. Ulipoilipia siku ile ulisema kule nyumbani Nansio kuna vumbi na unyevu, na Baba hawezi kukaa na kitu kidogo namna ile bila kukiumiza. Ulisema kweli. Kile kimrija kinachoingia sikioni kilipasuka mara mbili, wakakibadilisha bila maneno. Kuna mwaka alinawa uso ziwani akiwa ameisahau sikioni, maji yakaingia. Wakaikausha, wakabadilisha kitu ndani, ikarudi inasikia kuliko mwanzo. Tukiwa kwenye meli siku hiyo Baba aliniambia nipunguze sauti, nawapigia watu kelele.

Mwezi wa sita ikaanza kupiga mluzi. Halafu ikawa inasikia asubuhi, mchana haisikii. Halafu ikanyamaza. Mama akaifunga kwenye kitambaa, akampa Otuoma, yule kijana wa Kijaluo anayepiga kinanda kwenye kwaya ya Baba, aliyekuwa anavuka kuja Mwanza. Nikaipeleka dukani siku hiyohiyo.

Yule Hellen aliyempima Baba sikio bado yupo. Alibadilisha betri, akabadilisha mrija, kimya. Akaituma Dar es Salaam. Zikapita siku kumi na tisa, ikarudi kwenye kiboksi kilekile na karatasi moja. Kiwanda kimeacha kutengeneza toleo lile, vipuri vyake vimekwisha, haitengenezeki.

Nikatoa mkataba wetu kwenye mkoba. Tukausoma pamoja, yeye akifuata mstari kwa kidole. Watatengeneza kama vipuri vipo. Vipuri visipokuwepo, watatoa nyingine ya toleo lilelile kama ipo stoo. Isipokuwepo, mteja atapewa punguzo akinunua toleo jipya. Hayo maneno ya mwisho yameandikwa kwa herufi ndogo, kaka, lakini yapo. Hatukudanganywa. Hatukuyasoma.

"Dada, waranti yenu ni nzima kabisa," Hellen akaniambia taratibu. "Kisichokuwepo ni mashine."

Nikamuuliza, sasa miaka miwili mingine mnamuuzia kaka yangu ya nini? Akatazama mlangoni kwanza. Akasema taarifa zile hutumwa na kompyuta kwa kila mtu ambaye muda wake unakaribia kuisha. Kompyuta haijui kama kilichomo kwenye boksi ni kizima au kimekufa. Tukilipia, tutakachopata ni kusafishiwa na kubadilishiwa mrija. Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa anasema huku anaikunja ile karatasi, anaikunjua, anaikunja tena. Akanipa na fomu, akasema kama mtaamua kuongeza, mzee mwenyewe ndiye anayepiga saini.

Niliondoka hapo nikaenda kwa Ngosha, fundi wa simu wa hapa Kiseke, ambaye hajawahi kukataa kazi. Aliiweka chini ya lenzi, akaitazama muda mrefu. Akasema kilichoungua ndani hana cha kuweka mahali pake, na anaogopa kuifungua maana akiifungua itapoteza waranti. Nilitaka kucheka. Hata yeye ile waranti ilimzuia mkono.

Hiyo mpya usiifikirie mwaka huu. Inahitaji kwanza Baba apimwe upya, na hata kwa punguzo hatuiwezi. Na tafadhali usinijibu kwamba utauza kiwanja.

Sasa nikueleze ya Nansio, maana ndiyo yaliyonishinda kuyaandika kwa simu.

Nilivuka Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa, mwezi uliopita. Nyumba imekuwa kimya kuliko ninavyoweza kukueleza. Mama alikuwa anampazia Baba sauti mpaka koo likakauka, sasa ameacha. Ametundika daftari la shule karibu na meza, na kalamu imefungwa kwa uzi. Akitaka kumwambia chakula tayari, anaandika chakula tayari. Mazungumzo anakwenda kuyatafuta kwa jirani. Nilimkuta huko, akaona aibu kidogo, kama nimemfumania.

Baba anaongea, tena kwa sauti kubwa, maana hajisikii. Anaeleza habari za alipokuwa chuo cha ualimu Butimba, anauliza swali, halafu hasubiri jibu. Nadhani anauliza ili aonekane bado yupo kwenye mazungumzo.

Jumapili tulikwenda kanisani. Unajua ile kwaya ameiongoza tangu sisi tukiwa tunabebwa mgongoni. Wimbo wa pili ulikuwa na beti nne. Muda ulikuwa umekwenda, mchungaji akamwonyesha Otuoma ishara waishie ubeti wa tatu. Baba alikuwa amewapa watu mgongo, hakuiona ishara. Waimbaji wakanyamaza, kinanda kikanyamaza. Mkono wa Baba ukaendelea.

Kaka, aliendelea kuongoza ubeti wa nne, amefumba macho, na mbele yake hakuna aliyekuwa anaimba. Kanisa zima lilikuwa linatazama ule mkono. Sijui ilichukua muda gani kabla Otuoma hajagusa kinanda tena. Waimbaji wakaingia mmojammoja, wakamfuata mpaka akamaliza. Baba akafungua macho, akafunga kitabu, akakaa, ameridhika. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Tulipotoka, mzee wa kanisa, Mzee Maige, alinivuta pembeni. Akasema, "Binti yangu, tumekaa mara mbili kuzungumzia jambo hili. Kijana Otuoma anaweza kuishika kwaya. Lakini sisi hatuna mdomo wa kumwambia mwalimu. Mwambie wewe." Nikaitikia ndiyo.

Mchana huo nilikaa na Baba mezani nikiwa nimeshika kalamu ya lile daftari. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwandikia, kwamba mashine haitatengenezwa, na kwamba kwaya wanaomba apumzike. Nikawa nafikiria nianze na lipi. Mkoba wangu ulikuwa wazi pembeni, na ile fomu ya Hellen ilikuwa imechomoza. Baba akaiona nembo ya duka. Akaichomoa, akavaa miwani, akasoma kichwa cha habari: maombi ya kuongeza muda wa waranti.

Akatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu mwezi wa sita.

"Kumbe bado tuna waranti," akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi. "Basi watatengeneza."

Akanichukua kalamu mkononi, uzi ukavutika mpaka mwisho, akapiga saini kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni. Halafu akanirudishia kalamu, akanisogezea na daftari.

"Itakuwa tayari lini?"

Daftari lilikuwa mbele yangu. Kusoma anasoma, kuelewa anaelewa, hakuna kilichonizuia. Nikaandika: Wiki mbili.

Akasoma, akaitikia kwa kichwa. Akaenda na daftari mpaka jikoni kumwonyesha Mama. Mama alilisoma, akanitazama juu ya bega la Baba, akajua. Akarudi kwenye sufuria yake.

Kwa hiyo jibu lako, kaka, ni hapana. Usilipe. Kama siku moja utamnunulia mtu kitu cha namna hii, waulize kwanza vipuri vyake vitakuwepo miaka mingapi, ndipo uulize habari za waranti. Sisi tulikuwa tumenunua ahadi ya kutengenezewa kitu ambacho wao wenyewe wameacha kukitengeneza. Fomu sikuirudisha dukani. Ipo kwenye droo ya cherehani na saini ya Baba juu yake, na kuichana nimeshindwa.

Wiki mbili zinatimia Jumapili hii. Mama amenipigia jana, anasema Baba amewaita waimbaji mazoezini Jumamosi jioni, anataka kuwafundisha wimbo mpya, na kila mmoja ameahidi kwenda. Nimeshakata tiketi ya meli ya Jumamosi asubuhi. Nitabeba kiboksi cha mashine vilevile kilivyo, kwa sababu siwezi kwenda mikono mitupu. Nitakachoandika kwenye lile daftari sikijui. Kama wewe unakijua, unitumie ujumbe kabla meli haijatia nanga; na namba ya Mama imebadilika, mpya mwombe Rebeka uiandike.

Msalimie sana wifi, na Favour mwambie shangazi yake anamshonea gauni la Krismasi, anipe kipimo cha bega. Nisalimie na Josephat, rafiki yako wa zamani, kama bado mnaonana. Mama anakuombea kila jioni, na Baba anakutaja kwa jina lako lote, kwa sauti inayofika barabarani.

Mungu akutunze huko uliko, akufungulie njia ya kuja kutuona.

Mimi mdogo wako anayekupenda na kukuhitaji,

Sabina