Uenyekiti Nilioupata kwa Kuitikia

Shoga, mwenzio nimeumbuka mbele ya jengo zima!

Wapangaji wa jengo letu huku Uturuki walikutana leo pale ngazini. Kituruki changu unakijua: salamu na "evet", yaani ndiyo. Kila waliponitazama nikaitikia "evet", kama niko kwenye dua.

Wakapiga makofi. Nami nikapiga, tena kuwashinda wote!

Mkwe wangu akaja mbio. "Mama! Wamekuchagua mwenyekiti!"

Mwenyekiti! Mimi!

Eti nianze na jirani wa juu, muziki wake unawakera. Nikapanda, nikamsalimu, nikasimama namtazama tu. Akauzima mwenyewe.

Sasa kanifuata hadi sebuleni, machozi yanamtoka, analalamika huku akinionyesha picha ya mkewe. Nami "evet", "evet".

Niombee, shoga, nisije nikavunja ndoa ya watu.