Kioo cha Ubavuni na Fahali Aitwaye Meja

Jumamosi, 1 Agosti 1964

Nimeamka kabla ya jua. Nimenakili barua mbili za majirani kwa wino mweusi. Kisha nimeosha kombi, kama ifanyikavyo kila Jumamosi. Gari hili ni mali ya familia sita za hapa Shinyalu. Tulilinunua kwa mkulima wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, nami ndimi katibu wa chama. Hulala uani kwangu. Vioo vyote nimevisugua kwa gazeti lililoloweshwa. Katika kioo cha mlango wa ubavuni niliuona uso wangu hadi nywele za kidevuni. Niliridhika.

Saa tatu walipita watu wa mchezo wa mafahali. Ngoma za isikuti, baragumu, vumbi. Mbele yao Meja, fahali mweusi wa Mzee Ingutia, pembe zimenolewa kwa kioo cha chupa. Mbele ya ua wangu alisimama. Alitazama gari. Ndani ya kioo alimwona fahali mwingine, mweusi kama yeye, asiyekwepesha macho.

Alipita katikati ya ua kana kwamba haukuwapo. Pigo moja.

Kioo hakikupasuka vipande. Kilimwagika chini kama punje za mahindi. Mpira unaokishikilia umechanika. Bati halikuguswa.

Watu walishangilia. Mzee Ingutia alicheza akilizunguka gari letu mara tatu, akiimba jina la Meja. Hakuna aliyenipa pole. Sijapata kukasirika namna hii tangu nizaliwe.

Jumapili, 2 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimeandika Ombi la Fidia, aya saba, nakala tatu. Aya ya nne ni nzuri mno. Nimeisoma mara mbili kwa sauti. Rebeka, mke wangu, aliuliza nasoma kwa nani. Nilimjibu kwamba lugha sanifu haihitaji msikilizaji. Akarudi jikoni.

Mkaguzi wa magari atakuwa Kakamega Ijumaa tarehe 14. Huja mara moja kwa miezi mitatu. Gari lisilo na kioo mlangoni halipewi leseni ya kubeba abiria. Hilo ninalijua. Kila mwanachama analijua.

Rebeka ana mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani mwaka juzi, mama yake akiwa juu ya machela, kabla hatujafika hospitali. Nilizihimiza familia sita kununua gari kwa sababu hiyo. Katika barua zangu kwao niliandika sababu nyingine.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimemkabidhi Mzee Ingutia ombi langu mkononi, mbele ya mashahidi wawili. Aliligeuza juu chini. Akampa Meja alinuse.

"Karani," aliniambia, "karatasi hailimi. Na wewe unashtaki mshindi? Gari lako lilimwangalia ng'ombe wangu vibaya."

Mashahidi wangu walicheka. Mmoja alikaa kitako chini kwa kicheko.

Wananiita Karani ingawa sijaajiriwa na ofisi yoyote. Kiswahili changu nilijifunza peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada. Mtu asiyejua thamani ya aya ya nne hawezi kunidhalilisha. Hata hivyo nimedhalilika.

Jumatano, 5 Agosti

Mkutano wa dharura. Wanachama wote sita. Mwenyekiti wetu, Petro, alisema bila kuzunguka: ikiwa hatutapata leseni tarehe 14, gari litauzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekwisha kuliulizia. Atabebea magunia. Hatuwezi kungoja ukaguzi mwingine miezi mitatu huku gari likioza uani.

Nilisimama. Nilisema nitalipata dirisha kabla ya siku hiyo, au nitajiuzulu ukatibu. Petro alisema, "Jiuzulu ni neno zuri, lakini halifunikangi shimo."

Kura: watano kwa mmoja. Mmoja huyo ni mimi.

Miezi mitatu. Mtoto atazaliwa mwezi ujao.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimefanya jambo la kiume. Nimepima tundu la mlango kwa rula, upana na urefu, hadi nusu ya inchi, nikachora pembe zake zilizo mviringo kwenye karatasi ya kahawia. Nimekwenda mjini kwa miguu hadi duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka amenikatia kioo sawasawa na mchoro. Nimekibeba kwa mikono miwili hadi nyumbani, nikipita kando ya barabara. Sikumwuliza mtu ushauri. Hakuna haja. Vipimo ni vipimo.

Ijumaa, 7 Agosti

Omari, fundi na dereva wetu, alikuja kutoka Mumias asubuhi. Salaam aleikum, habari za nyumbani, habari za mzigo wa Rebeka. Kisha alikitazama kioo changu.

"Karani, umepima tundu?"

Nilimwonyesha mchoro.

"Na mpira utakaa wapi?"

Niliukunja mchoro. Kioo hukaa ndani ya mpira, na mpira ndio unaokaa ndani ya bati. Nilipima kana kwamba ni dirisha la chumba cha kulala, linalobandikwa kwa misumari na lami ya madirisha. Nikasema tukipunguze. Akatikisa kichwa.

"Hata kingeingia. Hiki ni kioo cha nyumba. Nyumba haikimbiangi. Gari likigonga shimo, hiki kinakuwa visu, na mama amekaa hapo na mtoto."

Niliketi juu ya jiwe. Omari aliendelea kueleza: kioo cha gari kimechomwa kiwandani, hakikatwi, ukijaribu kinamwagika chote. Lazima upate kilichotoka kwenye gari kama hili. Kakamega hakipo. Kisumu ameuliza, hakipo.

Jioni Rebeka aliniambia jambo ambalo kila mtu hapa analijua isipokuwa mimi. Mwenye fahali aliyeshinda hapelekewi mashtaka. Anaendewa, fahali anasifiwa kwanza, ndipo unasema shida yako. "Wewe ulipeleka kesi," alisema. "Peleka sifa. Si unajua maneno?"

Nilikataa. Kisha niliomba taa isogezwe.

Jumamosi, 8 Agosti

Uwanja wa mafahali, asubuhi. Watu mia kadhaa. Meja alikwisha kumfukuza mpinzani wake hadi mtoni. Nilimwomba Mzee Ingutia nafasi ya kusema. Alidhani nimeleta kesi tena, akainua fimbo. Nikafungua karatasi.

Nanakili hapa sehemu yake:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, kwa niaba ya familia sita, ninakiri bila kushurutishwa na mtu yeyote ya kwamba fahali Meja alikabiliana ana kwa ana na adui wa chuma, mwenye uzito wa mafahali wawili na macho manane yasiyopepesa, akamshinda kwa pigo moja, na adui huyo, hadi siku ya leo, hajathubutu kurudisha pigo."

Watu walitazamana. Nilidhani nimeshindwa.

Mzee Ingutia alisema, "Rudia hapo pa macho."

Nilirudia. Isikuti ikalipuka. Watu waliniinua. Mimi, mwenye koti na tai, nilibebwa kuuzunguka uwanja nyuma ya mkia wa fahali. Kofia yangu ilipotea. Sikuitafuta. Nilisoma tamko lile mara nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya nne watu walikuwa wameshika maneno, na "bila kushurutishwa" ilisemwa na uwanja mzima.

Mzee aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake ya manyoya. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, shida yako ni gani?"

Nilisema kwa sentensi moja. Hakunicheka. Dada yake, Mama Dina, alipewa shamba Lumakanda katika mgawo wa mashamba ya Wazungu. Nyuma ya nyumba yake kuna kombi iliyoachwa, bila injini wala magurudumu. Anafugia kuku. "Vioo viko," alisema Mzee. "Mwambie ni Meja amekutuma."

Nimefurahi kiasi cha kushindwa kula.

Jumatatu, 10 Agosti

Lumakanda, pamoja na Omari. Tulifika mchana. Mahindi pande zote, marefu kuliko sisi. Mama Dina ni mjane, mfupi, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Nilianza kutoa barua ya utambulisho. Aliniambia niirudishe mfukoni. Mzee ametuma habari tayari, na mambo ya macho manane amekwisha kuyasikia.

Kombi ile ipo. Rangi imekwisha, nyasi zimeota sakafuni, kuku kumi na wanne ndani. Mlango wa ubavuni umefungwa kwa waya. Kioo chake kizima! Kimejaa uchafu wa kuku, lakini kizima, na mpira wake haujakatika.

"Mchukue," alisema Mama Dina. "Lakini kuku wangu watalalaje na shimo? Vicheche wa hapa hawasomangi barua."

Haki yake. Omari alianza kulainisha mpira kwa maji moto na sabuni, akiusukuma kidogo kidogo kwa mpini wa kijiko. Kazi ya saa mbili. Mimi nilipewa bati, nyundo na misumari. Sijapata kushika nyundo mbele ya watu. Nilipiga kidole mara mbili. Nilipomaliza, Mama Dina alilisukuma bati lile kwa mguu. Halikutikisika. "Kumbe mikono iko," alisema.

Kioo kilitoka saa kumi. Omari alikipokea kifuani kama mtoto mchanga. Tulikula obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku mmoja wa wale waliokosa bahati. Tumelala hapa.

Jumanne, 11 Agosti

Safari ya kurudi, kwa basi. Kioo mapajani mwangu, ndani ya blanketi. Kila shimo la barabara nililihisi moyoni. Tumefika salama. Kiko chini ya kitanda chetu. Rebeka anatembea chumbani kwa ncha za vidole.

Jumatano, 12 Agosti

Leo tumekitia.

Niandike namna inavyofanywa, maana ni elimu. Mpira unavalishwa kioo kwanza. Una mfereji kuuzunguka upande wa nje, na mdomo wa bati lazima uingie katika mfereji huo. Unapitisha kamba ndani ya mfereji, mzunguko mzima, ncha mbili zikutane chini. Unapaka sabuni. Mmoja anakishika kioo kwa nje na kukisukuma kwa viganja. Mwingine, ndani ya gari, anavuta kamba polepole, na kamba inapotoka inaunyanyua mdomo wa mpira uvuke bati.

Omari alivuta. Mimi nilisukuma.

Mara ya kwanza kamba ya katani ilikatika kwenye kona. Mara ya pili ilikatika tena na kuuchana mpira, mchano mdogo kama ukucha. Omari alisema tukiharibu tena, basi. Petro, mwenyekiti, alikuwa amesimama uani, mikono nyuma.

Rebeka alitoka na kamba ya pazia, ile laini, ya harusi yetu. Aliipaka sabuni mwenyewe.

Mara ya tatu. Upande wa chini uliingia. Kona ya kwanza, ikaingia. Juu. Viganja vyangu vilikuwa vinateleza kwa jasho na sabuni. Omari aliniambia, "Usisukume kwa hasira, Karani. Sukuma kama unafunga bahasha." Hilo nilielewa. Kona ya mwisho ilitoa sauti, pap, kama mtu anayefunga mdomo baada ya kusema alilotaka.

Kimekaa. Omari alikigonga. Nilikigonga. Petro aliweka mikono mbele na kukigonga pia. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo.

Ijumaa, 14 Agosti

Kakamega. Magari kumi na moja kwenye foleni karibu na ofisi za mkoa. Nilivaa koti. Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya aya nne kuhusu asili ya kioo.

Mkaguzi ni kijana, wa kwetu, mmoja wa hawa waliopandishwa cheo baada ya uhuru. Alikanyaga breki. Aliwasha taa. Alifungua mlango wa ubavuni na kuubamiza mara sita. Kila mara nilifumba macho. Kisha aliinama kwenye pembe ya kioo.

"Hiki ni cha gari?"

Nilifungua karatasi. "Bwana Mkaguzi, kwa heshima na taadhima, ninaomba kukujulisha kwamba—"

"Mzee wangu, ni cha gari ama ni cha nyumba? Wiki hii nimerudisha watatu na vioo vya nyumba."

"Cha gari."

Aliandika. Akapiga muhuri.

Tumepita! Omari alipiga honi kutoka mjini hadi Shinyalu, na mimi, ambaye nimewahi kuandika malalamiko dhidi ya upigaji ovyo wa honi, nilimwambia aongeze. Mzee Ingutia alikuwa ameketi kandokando ya njia akatusimamisha. Alikitazama kioo kipya, akavua koti lake na kukifunika. "Meja anachunga hapo chini," alisema. "Asije akakiona."

Petro alipendekeza katibu apongezwe. Kura: wote sita.

Jumatatu, 17 Agosti

Safari ya kwanza kwenda hospitali. Abiria wanane, wanne kati yao wajawazito. Rebeka alipewa kiti cha mlangoni. Mvua ilianza mapema, kabla hatujaingia mjini, nzito, ya kulala upande. Ilipiga kioo njia nzima.

Mkunga amesema mtoto amekaa vizuri. Arudi baada ya wiki mbili.

Tumerudi sote wakavu.