Ubeti Uliousimamia

Baba Rehema, mume wangu,

Ungekuwepo ungeniambia niache maneno, nile kwanza. Lakini unanijua. Sijawahi kuamini jambo kwa kuambiwa mara moja, na sitaanza leo eti kwa sababu wewe hupo.

Nilianza kukushuku mwaka 2018, na nilianzia kwenye muziki wako. Tulikuwa tumehamia Garland, karibu na ghala ninakofanya kazi, na redio ya gari lako ilikuwa haizimwi. Folk, ukaniambia. Americana. Mimi nilisikia mwanamume mwenye mafua na gitaa moja. Kila wimbo una treni, na hakuna anayefika. Nikakuuliza mtu mzima wa Iringa ana uchungu gani na treni za watu. Ulicheka mpaka ukapunguza mwendo.

"Sikiliza maneno, Mama Rehema. Hawa wanalia kama sisi, ila hawana ngoma ya kufichia kilio."

Banjo nililipenda, sikukwambia tu. Nilihisi nikikubali hilo utaniletea na mengine.

Kisha zikaja Jumatano za Houston. Unaondoka baada ya swala ya alfajiri, wewe na Mzee Kabamba, rafiki yako Mkongo wa mtaa wa Vickery Meadow, unarudi magharibi. Ukasema kuna wapiga gitaa huko, upande wa Sharpstown. Nani anaimba Jumatano mchana? Ulirudi unanukia sabuni isiyo yetu, na kila safari una CD mpya mkononi, kana kwamba nilikuomba ushahidi. Nilipombana Mzee Kabamba alitazama viatu vyake. "Maman, ni musique tu," akasema. Mtu anayetazama viatu namjua. Hata binti yetu alinichoka: "Mom, it's just music. Leave Dad alone."

Nilikagua mifuko. Nilikagua simu. Nasema wazi leo, maana nadhani ulijua.

Na huu muziki wako ungebaki kelele ya gari kama nisingekufundisha mambo ya kwetu. Unakumbuka ile harusi ya hapa Garland, walipoleta kikundi cha taarab? Ulitaka kwenda kumtunza mwimbaji noti kwa sababu ana sauti nzuri. Nikakuvuta shati ukakaa. Nikakwambia mimi ni wa Tanga, nisikilize: mtu hatunzi hivi hivi. Ukisimama kwenye ubeti, ubeti ule umeuchukua, ni wako, na yule utakayemwangalia ndiye unayemwambia maneno yake. Ndiyo maana wanawake huchuniana miaka mitatu kwa noti moja. Ulinitaka nirudie. Nikarudia, najiona mwalimu.

Basi ile Jumapili mchana ukatupeleka Fort Worth, mimi na Rehema, kwenye kiukumbi chenye viti vya mbao, majani yameanza kuanguka nje. Ulikuwa umepungua. Nikasema moyoni, huyu anajipunguza kwa ajili ya mtu. Watu wale hawakohoi, hawanong'oni, wanasikiliza kama wako kwenye hotuba ya Ijumaa. Mbele, bibi mmoja mwenye msuko wa mvi na gitaa. Kwenye wimbo wa tatu akafika pale anaposema kwamba ataondoka kabla baridi haijaisha, na ameshakubali.

Ukasimama.

Ukapita mbele ya wote, ukaenda kumbandika yule bibi noti ya dola kwenye paji la uso. Mzungu wa watu hajui kutunzwa. Noti ikateleza, akaidaka kwa kidevu, gitaa likanyamaza. Rehema alikuwa anarekodi kwa simu huku amefunika uso kwa mkono mmoja. Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wote. Mimi sikushughulika na hayo. Nilikuona umegeuka kutazama viti, nikayafuata macho yako mpaka nyuma yangu. Palikuwa na mwanamke wa mtandio mwekundu. Nikajua nimempata.

Ndani ya gari nikakuuliza, "Yule wa mtandio mwekundu ni nani?"

"Yupi?"

"Usijifanye. Umemwambia utaondoka kabla baridi haijaisha. Unaondoka kwenda wapi?"

Ukafungua mdomo, ukaufunga. Nikauchukua ukimya wako kuwa ndiyo.

Ulifariki Februari ya 2020, baridi bado ipo. Hospitali waliniambia jina la ugonjwa, na mimi nikadhani umekuanza juzi tu. Nikakaa eda, na haikupita muda dunia yote nayo ikajifungia ndani. Miezi minne na siku kumi nilisikiliza CD zako moja moja, namtafuta yule mwanamke humo. Sikumpata. Nilipata nyimbo, na kuna tatu nazijua kwa moyo.

Nilipotoka eda Mzee Kabamba alikuja na barakoa yake, akasimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Maman, alinikatazaka kusema. Kule Houston tulikuwa tunaendaka ku hôpital. CD alikuwa ananunua pembeni pale."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema alikuambia. Ile siku ya Fort Worth. Alafu ukakasirika, hakurudilia."

Nikamwomba Rehema ile video. Hata hapo, Baba Rehema, nilikuwa bado nataka kumwona wa mtandio mwekundu. Yumo, anatafuta kitu kwenye mkoba, hana habari na wewe. Nawe umesimama mbele, umenikazia macho mimi. Na mimi nimekupa kisogo, namtafuta wa kumshika.

Inaniuma. Ulisema kwa lugha yangu, kwa kanuni niliyokufundisha mwenyewe, na mwalimu akageuka nyuma. Nilikukasirikia pia, kwa kuniona siwezi kuambiwa wazi. Halafu nikakumbuka mifuko niliyoikagua.

Jana mchana nimeiweka CD ya yule bibi wa Fort Worth, imo kati ya zako, Rehema anakunja nguo. Yule bibi alipofika kwenye ubeti wako nikasimama na noti yangu. Sikuwa na paji la kuibandika, nikaishika tu, nikaangalia kiti chako mpaka ubeti ukaisha.

"Mom," Rehema akaniuliza, "who are you looking at?"

Pumzika, mume wangu. Safari hii sikugeuka.

Mkeo,
Mama Rehema